Aliyeombea Umeme Ukatike

Umeme ukikatika, watu wenye akili zao hulaani. Waya alikuwa anashukuru. Hakuwa mchawi, ingawa shangazi yake aliwahi kulitaja neno hilo kwa utani. Sababu ilikuwa kwamba katika tawi la mlimani la kampuni ya vifurushi, kwenye kaunta ya mbele kabisa, palikuwa na kompyuta ambayo betri yake ndogo ya saa ilikuwa imekufa. Umeme ukikatika, kompyuta ile inasahau ni siku gani na saa ngapi, kama mlevi aliyeamshwa mtaroni. Umeme ukirudi, inaanza kuhesabu upya kutoka saa sita usiku ya mwaka fulani wa kale ambao hata aliyeitengeneza ameshausahau. Hapo karani wa kaunta ananyanyua simu na kusema, kwa sauti ambayo Waya alikuwa anaisikia mpaka kwenye magoti:

"Fundi, saa imepotea tena."

Na Waya anapanda gari kwenda kuitafuta.

Betri yenyewe ni kidude kama kifungo cha koti. Fundi yeyote anaibadilisha huku amesimama, na mkono mmoja umeshika kikombe cha chai. Waya alikuwa nazo paketi nzima kwenye droo yake makao makuu, chini ya karatasi. Matawi mengine alikuwa anawabadilishia bila hata kuombwa. Tawi la mlimani akawa anawaambia kipuri kimeagizwa, kiko njiani, na njia yenyewe mnaijua.

Jina la Waya alilipata enzi za kutambaa juu ya dari akivuta nyaya za mtandao, likamkaa kwa sababu na mwili wake ulikuwa wa namna hiyo hiyo. Baadaye alipewa kazi ya kuzunguka matawini kufanya usafi wa kompyuta: kufuta takataka zinazojazana ndani, kusasisha programu, kupangusa vumbi, kuzima na kuwasha. Mkoba begani, brashi mkononi. Kila tawi alikuwa anamwinua mtu kwenye kiti chake, anakaa, anaguna kidogo kama daktari, na mwenye kiti anasimama pembeni akingoja kuambiwa kama mgonjwa atapona. Cheo hakikuwa kikubwa, lakini mtu anayekalia viti vya watu wote, hata vya mameneja, moyoni mwake ana cheo chake mwenyewe.

Kiti alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kile cha mlimani. Mwenyewe karani alikuwa mwanamke wa kuchomeka kalamu kwenye nywele halafu akaitafuta mezani, mwenye kucheka kwa pua mdomo ukiwa umefungwa, na mwenye kugonga muhuri kama anaua mbu. Waya alikuwa anamwita dada, na hapo ndipo alipojifunga mwenyewe. Ukishamwita mwanamke dada kwa muda wote huo, kumgeuza kuwa kitu kingine kunataka ujasiri wa mtu anayeruka ukuta wenye vioo. Waya alikuwa anaufikia ukuta, anautazama, anarekebisha saa, anakunywa chai aliyowekewa, anarudi mjini. Safari nzima ya kurudi anajitukana.

Risiti za vifurushi zinatoka na tarehe. Kwa hiyo tarehe karani alikuwa anairekebisha mwenyewe kabla hajamhudumia mteja wa kwanza. Saa haitoki kwenye risiti. Saa alikuwa anamwachia fundi.

Basi mambo yakawa yanakwenda hivyo, na yangekwenda hivyo mpaka wote wawili waote mvi, kama Waya asingeleta kisirani nyumbani kwa mikono yake. Kisirani chenyewe kilikuwa binamu yake, mtoto wa shangazi. Shangazi alikuwa amelia kwenye simu kwamba mwanawe anakaa tu sebuleni anatazama kompyuta mpaka macho yamekuwa kama ya bundi, na je, damu ya ukoo haiwezi kumtafutia hata kazi ya kubeba mkoba? Damu ya ukoo ikamtafutia. Kijana akaja, akapewa meza ya pembeni, na siku hiyo hiyo akapewa jina: Kidole. Alikuwa anaandika kwa kidole kimoja tu, cha shahada, kama kuku anayedonoa mtama, na wenzake walikuwa wanapita makusudi kumtazama.

Walicheka mapema. Kidole alibeba mkoba safari chache tu, halafu akauliza, kwa upole wake ule unaoudhi, safari zote hizi ni za nini. Kompyuta zote si ziko kwenye mtandao mmoja? Akakaa akaandika skripti: faili moja yenye amri zilizopangwa mstari kwa mstari, futa hiki, sasisha kile, hesabu nafasi iliyobaki, jizime, jiwashe. Kisha akaipangia ratiba. Kila mashine, kila tawi, ikifika saa saba mchana, watu wamekwenda kula, inajisafisha yenyewe na kutuma taarifa makao makuu. Kwenye kioo cha Kidole kulikuwa na majina ya kompyuta zote, na kila iliyomaliza ilikuwa inawekewa alama ya kijani.

Bosi wa idara, mama mmoja ambaye viatu vyake vinasikika kabla yake, alisimama nyuma ya kiti cha Kidole akatazama majina yakigeuka kijani moja baada ya jingine, akasema hajawahi kuona kitu kizuri namna hii tangu ndoa yake. Kisha akamgeukia Waya. "Fundi, sasa barabara zitakupumzisha."

Waya alitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino na daktari anamuuliza kama inauma.

Usidhani hakujaribu. Siku mbili mfululizo alibaki ofisini wenzake wakienda kula, akajifungia na mashine akajiandikia skripti yake mwenyewe. Mashine ikamjibu kwamba amekosea kwenye mstari ambao alikuwa hajauandika. Akaifuta. Akaandika tena. Safari hii haikumjibu kitu, na hilo lilimuuma zaidi.

Kabla ya kusambaza ratiba yake kwa matawi yote, Kidole alimjia kwa heshima zote. "Kaka, kuna mashine yoyote yenye ugonjwa wa kudumu? Nauliza kwa sababu ratiba inafuata saa ya mashine yenyewe. Ikikosea saa, itajizima wakati si wake."

Swali lilikuwa zuri, na Waya alijua jibu lake kuliko mtu yeyote duniani. Lakini wivu ukishakaa kifuani mwa mtu ndio unaojibu simu, ndio unaofungua mlango.

"Zote nzima," akasema.

Moyoni alikuwa anangoja umeme ukatike, kijana aumbuke, viatu vya bosi vije na habari nyingine. Lakini shirika la umeme, ambalo miaka yote halikuwahi kufanya kazi yake, likachagua majuma yale kuifanya. Taa zilikuwa zinawaka mlimani usiku na mchana. Kaunta ya mlimani ikawa inageuka kijani kila saa saba, inang'aa, inamzomea. Simu haikulia.

Ilipolia, Waya aliidaka kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Ni karani. Alikuwa anacheka kwa pua.

"Fundi, nipelekee salamu kwa huyo kijana wenu mwenye adabu. Tangu nianze kazi, ndiyo mara ya kwanza kompyuta kuniomba radhi."

Kumbe kabla ya kujizima, skripti ilikuwa inaweka maneno kwenye kioo: Habari za mchana. Samahani kwa usumbufu, naomba dakika chache za usafi. Tafadhali hifadhi kazi yako. Ahsante kwa uvumilivu wako. Kidole alikuwa ameyaandika kama anavyozungumza, kwa sababu hajui namna nyingine. Waya alikuwa amekalia kiti cha yule mwanamke mara zisizo na idadi na hakuwahi hata kusema samahani, alikuwa anasema "hebu sogea."

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Kidole akicheka na simu yake, Waya anakunja shingo aone ni nani. Kidole akinyoa, Waya anajiuliza kanyoa kwa ajili ya nani. Alianza kumtazama kwa jicho ambalo hakuwahi kumtazamia, na akagundua mambo ya kusikitisha: kijana ana meno mazuri. Ana mabega. Ukoo mzima ule, mabega yote alipewa yeye. Shangazi alipopiga simu kushukuru, akisema mwanawe sasa anakula vizuri na hata rangi imemrudi, Waya alimjibu kwamba ndiyo, tunaiona.

Ndipo umeme ukakatika.

Asubuhi simu ililia mezani kwa Waya. "Fundi," karani akasema, "umeme ulikatika jana jioni, ukarudi saa tatu usiku. Tarehe nimeshairekebisha. Saa imepotea." Akagonga muhuri. "Utakuja?"

Hilo ndilo alilokuwa akiliombea majuma yote yale, na sasa limeletwa mpaka mlangoni. Mtu mwingine angekuwa ameshavaa koti. Lakini chakula ukikisubiri sana nacho kinakugeukia tumboni. Waya alimwona Kidole upande wa pili wa chumba, ametulia, anadonoadonoa na meno yake mazuri, na maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Si umwambie huyo kijana mwenye adabu?"

"Sawa," karani akasema, na simu ikakatwa.

Waya akaweka mkono wa simu mahali pake. Halafu, bila kutaka, akaanza kuhesabu kwa vidole chini ya meza. Mashine ilianza saa sita usiku pale umeme uliporudi, saa tatu ya usiku. Kwa hiyo saa saba mchana ya mashine itaangukia saa nne asubuhi ya watu. Saa nne tawi la mlimani linakuwa limefurika, foleni mpaka barazani. Na programu ya vifurushi alikuwa anaijua tabia yake: kama bahili, haihifadhi chochote mpaka shehena yote ifungwe.

Alikuwa na muda wa kupiga simu, tena wa kutosha. Alikunywa chai. Alipanga nyaya kwenye sanduku kwa rangi zake. Alijiambia kwamba atakayeumbuka ni Kidole, skripti ni ya Kidole, na kama ni adabu, basi aje aombe radhi vizuri. Aliendelea kupanga nyaya mpaka Kidole akasema, kwa mshangao tu, "Mbona kaunta ya mlimani imeshakuwa kijani?"

Habari ilifika na viatu vya bosi. Asubuhi ile karani alikuwa anaingiza shehena ya shule moja, maboksi ya vitabu, kila boksi na anwani yake, na lori linanguruma nje. Alikuwa ameinuka kupima boksi la mwisho kwenye mizani ya nyuma. Kompyuta ikaomba radhi mbele ya kiti kitupu, ikangoja kwa uvumilivu, ikajizima. Aliporudi, kazi yote ya asubuhi ilikuwa imeyeyuka. Lori likaondoka bila mzigo. Mwalimu aliyeleta vitabu alipiga kelele, foleni ikamsaidia kupiga kelele, na meneja wa tawi, ambaye hajui kompyuta ila anajua kulaumu, akasema karani ameizima mwenyewe kwa uzembe. Ameondolewa kaunta. Amepelekwa stoo, na kaunta atapewa mtu mwingine.

Bosi alimsomea Kidole maneno mazito, mbele ya watu, ratiba yake ikasimamishwa. Kwa muda kama wa peremende mdomoni mwa mtoto, Waya alionja utamu. Kisha neno lile la stoo likamfikia mahali pake, na utamu ukageuka shubiri. Alikuwa amechimba shimo la binamu, aliyetumbukia ni mwingine.

Bosi alipotoka, Kidole hakuondoka mezani. Alifungua taarifa za ile mashine, akazisoma, akazisoma tena. Halafu akazungusha kiti.

"Iliamini ni saa saba," akasema. "Saa yake mbovu, kaka. Nilikuuliza."

Waya alirudi kwenye sanduku la nyaya.

"Nilikuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye unayezijua. Mimi nazijua kwa majina tu." Hakupandisha sauti. Angepandisha, Waya angepata pa kushikia.

Waya alifungua droo, akachukua paketi ya betri, akatoka kupanda basi bila kuomba gari la ofisi.

Stoo ya mlimani ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja juu, harufu ya gundi na makaratasi. Karani alikuwa ameketi juu ya boksi, anaandika upya lebo za vitabu kwa mkono, kalamu nyingine imechomekwa kwenye nywele. Hakuinuka.

"Umeleta betri?" akauliza.

Waya alisimama mlangoni na mkoba wake. Kule alikuwa akisema kipuri tu, neno betri hakuwahi kulitaja. Alikuwa amehakikisha.

"Fundi wa simu wa hapo ng'ambo aliniambia zamani," karani akasema, huku anaandika. "Alitaka kuibadilisha, nikamkataza. Tarehe na saa si ziko dirisha moja? Ukifungua kurekebisha hii, na ile iko hapo hapo, pembeni. Wewe ulidhani nashindwa?"

Waya alikuwa amelifungua dirisha lile mara zaidi ya mtu yeyote kwenye ukoo wao, na hakuwahi kulitazama.

"Sikujua," akasema.

"Ndiyo. Hukujua." Akabandika lebo, akaipigilia kwa kiganja. "Nilisema, huyu mtu ni mwoga, acha tumpe muda. Mwoga namvumilia. Lakini leo asubuhi nilikwambia saa imepotea, ukajua kitakachonipata, ukanyamaza."

Kulikana hilo kungehitaji mtu asiyemjua Waya. "Nilimwonea wivu," akasema.

"Nani?"

"Yule aliyekuomba radhi."

Karani alimtazama kama anayesoma anwani iliyoloa mvua. "Ile kompyuta?" akasema, na hakucheka hata kwa pua. "Toka, fundi. Nina kazi."

Akatoka. Hakwenda kituo cha mabasi. Alikwenda kwa meneja. Aliyoyasema mle ndani yalisikika mpaka kwa wapima mizigo, kwa sababu meneja alikuwa anamrudisha kila hatua kwa sauti: kwa hiyo betri ulikuwa nayo? Tangu lini? Na hukusema kwa nini? Kwenye swali hilo la mwisho Waya alijibu kwamba ni sababu zake binafsi, na wapima mizigo, ambao walikuwa wanazijua sababu zake binafsi tangu miaka ile, wakatazamana. Karani akarudishiwa kaunta kabla ya kufunga. Betri ikabadilishwa, na ikachukua muda mfupi mpaka Waya akaona aibu upya.

Bosi wa idara hakumfukuza, alimtafutia kibaya zaidi. Safari za matawini, zile chache zilizobaki za kubadilisha vipuri, akapewa Kidole. Waya akaketishwa pembeni ya meza ya binamu yake ajifunze kuandika skripti. Amri ya kwanza aliyofundishwa ilikuwa ya kuifanya kila kompyuta iulize saa sahihi kutoka makao makuu kabla ya kuanza usafi wowote. Kidole alikuwa anamwelekeza kwa uvumilivu, anasema "jaribu tena, kaka," na mtu asiyewahi kufundishwa na mdogo wake mwenye meno mazuri hajui mateso ni nini. Na kila Kidole akichukua mkoba kuelekea mlimani, Waya alikuwa anabaki anaitazama ile alama ya kijani kana kwamba itamwambia nani amekalia kiti gani, na kama amewekewa chai.

Umeme mlimani ukawa unakatika na kurudi, na saa haikupotea tena. Simu yake ilikaa kimya. Sababu ya kupiga hakuwa nayo, na alishatafuta: mtandao mzima, kioo kizima, hata vumbi hakuna. Mchana mmoja, wenzake wamekwenda kula, alinyanyua simu hivyo hivyo, mikono mitupu.

"Kuna nini kimeharibika?" karani akauliza aliposikia sauti yake.

"Hakuna. Kila kitu kizima. Nimepiga tu."

Muhuri ulipiga mara moja. "Umechukua muda," karani akasema.

"Nimechukua."

"Jumamosi niko nyumbani kwa mama. Uje bila mkoba, tafadhali, maana mama akiona fundi atakupa redio ya tangu mwaka gani." Akacheka, na pua ilisikika. Waya alikuwa bado anashika meza isimkimbie alipoongeza: "Na binamu yako uje naye. Walimtukana bure mbele za watu kwa ajili yetu sisi wawili. Nataka nimwombe radhi mwenyewe."

Waya alisema sawa. Alilisema neno hilo kama anatema kokwa.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kumwambia Kidole baadaye, Jumatatu hivi, kwamba kumbe alialikwa, jamani, ilipita kichwani. Alilifikiria jambo hilo kwa undani kuliko lilivyostahili. Lakini kunyamaza alikuwa ameshajua kunapeleka watu wapi, na safari hii hata meneja wa kwenda kuungama kwake hayupo. Kidole aliporudi kutoka kula, alimwambia yote: siku, mahali, na sababu.

Kidole alifurahi kama mtoto. Akavuta kiti karibu, akashusha sauti, akauliza avae shati gani.

"Lolote tu, ndugu yangu," Waya akasema, na baada ya kufikiri kidogo akamshauri lile la kijani, lenye mikono mipana, ambalo hata shangazi alishasema linamnyang'anya mabega.